Redio ya Mama Eugénie na Mukwe Asiyeweza Kusema

Ukitaka kujua nani mwenye barabara ya Kakanda, usiulize ofisini. Nenda Shituru, hapa Likasi, asubuhi, pale karibu na reli, uwasikilize wamama wa soko waliokaa juu ya viloba vyao vya mihogo na samaki wa chumvi: "Mama Eugénie alishafika?" Magari mengine yanapita na nafasi tele, madereva wanaita hadi sauti zinakauka, na wamama wanatazama pembeni kana kwamba hawakuzaliwa na masikio.

Mama Eugénie ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu. Kwetu huyo ni mama mukubwa, nami naishi uani kwake tangu nilipomaliza chuo kikuu Lubumbashi na kugundua kwamba nchi haikuwa ikiningojea. Mumewe alifanya kazi kiwandani mpaka akastaafu, kisha akafa, akaacha nyumba ya matofali na pick-up moja iliyozeeka Japani kabla ya kuja kufanya kazi kwetu. Matanga hayajaisha, ndugu za mume wakaja kuchukua gari. Mama Eugénie aliingia ndani, akakaa kwenye usukani, akafunga milango, akawaambia kupitia kioo: "Mubebe gari pamoja na dereva yake." Wakati ule hakujua hata kuliwasha. Wale ndugu walilizunguka gari mpaka njaa ikawashika, wakaenda zao. Baadaye akajifunza kuendesha, na mpaka leo ndiye mama pekee anayebeba watu na mizigo kwenye njia ile.

Ana mwili mkubwa, sauti kubwa na imani kubwa, na vyote vitatu vinaingia ndani ya kabini moja. Kabla ya kuondoka anaomba. Akishaomba anaweka nyimbo za kuabudu, na wamama kule nyuma wanaimba kati ya viloba vyao mpaka Kakanda, wamejaa vumbi jekundu hadi kwenye meno.

Shida ilikuwa redio. Ilikuwa ile ile ambayo gari lilikuja nayo kutoka Japani, na ilikuwa na bafle mbili ndogo, spika zake, ndani ya milango. Ya kushoto ilikuwa imekufa zamani, ya kulia ilikuwa inakohoa. Stesheni ilishika moja, tena kwa huruma, maana ilitengenezwa kushika za Japani. Kule nyuma hakuna aliyesikia kitu. Na mwaka huu alikuwa ametokea Germain, dereva kijana mwenye kofia ya kinyumenyume, ambaye bafle zake zinatikisa madirisha ya watu.

Kila mwaka wamama wa kanisa wanafanya kongamano Kakanda, na gari la mbele kwenye msafara ndilo linalobeba kwaya. Tangu mwanzo gari hilo lilikuwa la Mama Eugénie. Safari hii Mama Suzanne, mke wa pasta, alikuja nyumbani, akanywa chai yote, ndipo akasema lililomleta.

"Mama Eugénie, tunakupenda. Mais mwaka jana kule nyuma tulikuwa tunaimba wimbo yetu, na redio yako iko inaimba yake. Tulifika Kakanda tuko tumegombana. Jumamosi magaribi nitapita kusikia. Kama aiko inasikika, Germain njo atakuwa mbele."

"Germain?" Mama Eugénie aliweka kikombe chini. "Ule mwenye kucheza nyimbo za bar?"

"Ameahidi atazifuta."

Mgeni alipoondoka, mama mukubwa alibaki amesimama mlangoni. "Minye," aliniambia akijipiga kifua, "minye nikule vumbi ya Germain mbele ya kanisa muzima? Na kesho yake wamama bote bapande kwake? Heri niuze gari ninunue punda."

Sasa, Likasi nzima inajua kwamba mtu wa redio za magari ni Ricky. Ana kibanda kando ya soko, amening'iniza bafle mlangoni kama mchinjaji anavyoning'iniza nyama, na anasikia ugonjwa wa redio kwa mbali. Lakini Ricky ni mume wa Bénie, mtoto wa Mama Eugénie. Ni mukwe. Na kwa watu wa mama mukubwa, bukwe, ile heshima ya wakwe, si mchezo. Mukwe hamtazami mama mukwe usoni, hampi mkono, hakai naye kiti kimoja wala kabini moja. Wakikutana njiani mmoja anakata kona. Na juu ya yote, mukwe hatamki neno lolote kuhusu mwili wa mama mukwe wake, hata neno la sifa. Huko ndiko kumtukana, na tusi hilo linaitisha ukoo.

Nilikuwa nimeshamhubiria mama mukubwa mara nyingi kwamba desturi za namna hii zinatuchelewesha, kwamba watu wazima wawili wanaoheshimiana hawahitaji kukimbiana kama panya na paka.

"Weye uko na diplome," alinijibu. "Oa kwanza. Njo utakuja kunifundisha bukwe."

Kwa hiyo kazi ilifanyika hivi. Mama Eugénie aliegesha gari mbele ya kibanda, akashuka, akaenda kusimama kwa wauza mboga akitazama upande wa pili. Ndipo Ricky akatoka alikojificha, nyuma ya jenereta, akachukua ufunguo kwangu. Akang'oa redio ya zamani, akaweka mpya yenye Bluetooth na tundu la USB. Akabadilisha bafle za milangoni, akafunga mbili kubwa kwenye sanduku la mizigo nyuma ya kabini, zikitazama wamama. Bafle kubwa zinataka ampli ya kuzisukuma, na ampli ikawa haina pa kukaa. Kabini ni moja, na nyuma ya kiti hakuna nafasi hata ya kuficha dhambi. Ricky akaiweka chini ya kiti cha dereva.

Alipomaliza, alikaa kwenye kiti hicho akafungulia. Soko lilisimama. Muuza nyanya mmoja aliweka mizani chini akacheza. Ricky akazima, akatoroka nyuma ya jenereta. Mama Eugénie akaja akicheka peke yake, akapanda, akawasha gari, akafungulia.

Kimya.

Akabonyeza tena. Taa za redio zilikuwa zinawaka vizuri, jina la wimbo lilikuwa linapita kwenye kioo, lakini sauti hakuna. Akashuka, akaenda kwa wauza mboga. Ricky akatoka, akakaa, akagusa. Kwaya ikalipuka.

"Mwambie mukwe," Mama Eugénie alinipigia kelele toka kwenye mboga, ingawa mukwe alikuwa anamsikia vizuri sana, "mwambie redio ni ya nani? Yangu ao yake?"

Ricky alijikuna kichwa. Alianza na waya, kama fundi yeyote. Akakata kipande cha waya mnene uliotoka kwenye betri kwenda kwenye ampli, ule aliouziwa na mwenye duka mmoja mjini kuwa ni shaba safi, akaukwangua kwa wembe. Juu ulikuwa mwekundu. Ndani ulikuwa mweupe kama mfupa.

Ilikuwa aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba! Niliushika waya ule mkononi, nikashikwa na hasira nyekundu kuliko ule waya. Hapa ni Likasi. Shaba inapita mbele ya milango yetu kila siku, mabamba kwa mabamba, juu ya malori yanayokwenda mpaka wa Kasumbalesa. Watoto wetu wanaijua shaba kwa harufu kabla hawajajua herufi. Na sisi, wenye shaba, tunarudishiwa rangi yake! Kwa nini Ricky hakuukwangua kabla ya kununua? Kwa sababu hiyo hiyo. Nani Likasi anakagua kama shaba ni shaba? Ni kama kukagua kama maji ya mto yana maji.

Nilisema hayo yote kwa sauti, pale pale barabarani, na watu wawili walipiga makofi. Wa tatu aliuliza kama ule waya mbovu unauzwa.

Ricky akafunga waya wa shaba ya kweli. Kila mtu alikuwa na hakika kwamba ugonjwa umepatikana. Mama Eugénie akapanda, akawasha, akafungulia.

Kimya.

Akatoa chupa ndogo ya mafuta ya maombi mkobani, akapaka kitufe cha sauti, akamkemea shetani wa redio kwa jina la Yesu. Shetani hakushtuka.

"Lazima nisikie mwenyewe, yeye akiwa anaendesha," Ricky aliniambia. "Ugonjwa unatoka paka na yeye, yeye tu."

Lakini kabini moja na mama mukwe haiwezekani. Basi tulikwenda hivi: Mama Eugénie kwenye usukani, mimi pembeni yake, Ricky nyuma kwenye sanduku la gari, amepiga magoti karibu na kile kidirisha cha nyuma, macho chini. Kidirisha kilikuwa wazi, mkono mmoja tu kutoka kwenye shingo ya mama mukwe.

"Shemeki," alisema Ricky, "umuombe mama aongeze sauti."

"Mama, anaomba uongeze sauti."

"Mwambie iko mwisho, minye si kiziwi."

"Shemeki, anasema iko..."

"Nimesikia, shemeki."

Tukafika kwenye kivuko cha reli. Gurudumu la mbele liligonga chuma, gari likaruka, Mama Eugénie akaruka, na kwaya ikaruka pamoja naye: "Hale—!" Akarudi kitini. Kimya. Gurudumu la nyuma likagonga. "—luya!" Kimya tena.

Nilimsikia Ricky akivuta pumzi. Redio mbovu ikipita kwenye shimo inanyamaza. Kila fundi anajua hivyo. Hii ilikuwa imenyamaza kwenye tambarare, ikaimba kwenye mashimo.

"Umuombe arudie," alisema polepole.

Tukarudia reli, kwenda na kurudi. Hale—luya. Hale—luya. Mlinzi wa kivuko alivua kofia akidhani ni msiba. Nilipogeuka kumtazama Ricky, alikuwa na uso wa mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Basi?" Mama Eugénie akauliza kioo cha mbele. "Mwambie mukwe aseme. Ugonjwa ni nini?"

"Mwambie... mwambie ni tension," alijibu Ricky.

"Tension? Presha yangu daktari amepima, iko bien."

"Mwambie ni ya gari."

"Sasa mwambie hivi." Mama Eugénie alisimamisha gari katikati ya barabara, bila kugeuka. "Amefungua gari yangu mara ya kwanza, nikanyamaza. Amefungua mara ya pili, nikanyamaza. Daktari hapasue muntu kama hajataja ugonjwa. Kuanzia leo hakuna mukono ya muntu inagusa hii gari mpaka aniambie ni nini inaumwa. Nimemaliza."

Jioni hiyo nilimkuta Ricky kibandani, amekaa mbele ya sahani ya chakula asiyoigusa. Akanieleza kwa kunong'ona, akiangalia mlango. Kiti ni cha zamani, sponji imekufa. Akikaa mtu mwepesi, springi zinabaki juu. Akikaa yeye, springi zinashuka zinabana plagi ya ampli, na ampli inajizima ili isiungue. Ni kazi ndogo. Angepata gari kwa saa moja tu!

"Basi nenda ukaseme," nilimwambia. "Ukweli ni ukweli. Taifa haliwezi kujengwa na watu wanaoogopa kutaja springi."

"Niseme nini? 'Mama mukwe, ukikaa...'" Akaziba mdomo wake mwenyewe kwa mkono. "Bénie atarudishwa kwao kesho asubuhi. Weye ni mutoto yake. Sema weye."

Nilikwenda. Mama Eugénie alikuwa anasonga bukari, mwiko mkononi, jasho kwenye paji la uso. "Mama," nilianza, "kuhusu ile redio..." Akainua macho. Akainua na mwiko. "Fundi bado anasoma," nikasema, na taifa likangoja.

Jumamosi asubuhi kwaya ilikuja kufanya mazoezi uani, na Germain akaja pia, bila kualikwa, akaegesha gari lake linalonguruma kando ya lango. Bénie alikuwepo. Ricky alikuwa nje ya ukuta, macho yake tu yanaonekana kati ya matofali.

Mama Eugénie alikuwa ameamua kwamba maombi ya watu wengi yatafanya lile ambalo maombi ya mmoja hayakufanya. Wamama waliweka mikono juu ya boneti, wakaomba. Yeye akakaa kitini, akafungulia. Kimya. Germain akapiga mluzi.

"Weye mutoto!" Mama Eugénie akainuka kitini, mguu mmoja kwenye ngazi ya mlango, amshushie Germain maneno, na bafle zote nne zikapasuka nyuma yake kwa sauti ya kwaya. Kuku walikimbia. Wamama walipiga vigelegele: "Ameponaaa!" Mama Eugénie akakaa kufurahi. Kimya. Akainuka kushangaa. Kwaya. Akakaa. Kimya. Akainuka nusu, akabaki hapo ameshika usukani, na redio ikaimba nusu, kwa kukwaruza.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama mmoja akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitetemeka. Germain akafungua mdomo.

"Mama Eugénie, ile redio inakuogopa ao inakulilia huruma?"

Nyuma ya ukuta ulisikika mshindo, kisha mbio za miguu, kandambili moja ikipiga na mguu mwingine mtupu. Ricky alikuwa amekimbia.

Mama Eugénie alikaa chini kabisa, na kimya kilikuwa cha uwanja mzima. "Bénie," akaita. "Bwana yako alijua?"

"Alijua, mama. Toka kwa reli."

"Na amenyamaza?"

"Alisema heri watu baseme yeye ni fundi mubovu, kuliko yeye aseme... mama, hata kwangu hakusema. Aliandika kwa kidole juu ya meza, akafuta."

Mama Eugénie aliweka mikono yake juu ya usukani. Kisha tumbo likaanza kutikisika, kabla hata kicheko hakijafika mdomoni, na gari zima likatikisika naye, na redio, kwa kutikisika kule, ikatoa vipande vya zaburi.

"Kumbe niko na mukwe!" alisema alipoweza. "Minye nilizani Bénie ameolewa na muvulana wa redio. Kumbe niko na mukwe!" Akashuka. "Sikieni bote, na weye Germain, sikia muzuri, utaongeza paka uongo. Huu mwili njo minye nilijenga, na bukari yangu, na jasho yangu. Kama mukwe hana ruhusa ya kuutaja, mwenyewe niko nayo. Twende kwa moulin."

Kwenye kinu cha kusaga mahindi, mwisho wa barabara yetu, kuna mizani ya viloba. Mama Eugénie alipanda juu yake mbele ya kwaya nzima, akasema: "Soma." Msaga unga akasoma namba kwa sauti ya chini, akitazama miguu yake. "Soma tena, na sauti ya mwanaume." Akasoma. "Nipimie unga vile vile. Usipunguze, usiongeze."

Tulirudi na viloba vya unga, tukavipanga juu ya kiti cha dereva mpaka springi zikashuka mahali pake. Mama Eugénie akavua kitenge chake cha juu, akavifunika. "Mwambieni mukwe aje," alisema. "Minye naenda kwa Mama Suzanne. Kama anauliza mama mukwe amekaa aje, mumuonyeshe."

Bénie alimtoa mumewe chini ya meza ya kibanda. Ricky alipofungua mlango wa gari na kuona kile kitenge kimekaa kwenye usukani, alivua kofia. Nilimwambia ni unga. "Ninajua ni unga," alijibu, na hakuivaa tena. Akalala chini na tochi, na kila alipoingiza mkono chini ya kiti alisema "pardon, mama." Alisema pardon akifungua skrubu, pardon akiishusha ampli hadi kwenye sakafu, pardon akiigeuza ili plagi zitazame mbele, pardon akifunga juu yake bamba la chuma la kuzuia springi. Alipofungulia, viloba vikiwa kitini, kwaya iliimba mwanzo hadi mwisho. Hapo akasema aksanti.

Mama Suzanne alikuja magharibi kama alivyoahidi. Mama Eugénie alikaa kitini polepole, kama malkia anayejaribu kiti kipya, akaegemea kwa uzito wake wote, akaongeza na mkoba juu ya magoti. Akafungulia. Mama Suzanne alirudi nyuma hatua moja, akashika kitambaa cha kichwa.

"Punguza, mama!" alipiga kelele. "Punguza! Utakuwa mbele!"

Jumapili tulikwenda Kakanda, gari la Mama Eugénie mbele, kwaya nyuma yake ikiimba wimbo mmoja na redio, na Germain akifuata ndani ya vumbi na vioo amepandisha. Viloba vya unga vilikwenda pia, maana mama mukubwa alikuwa ameamua kuvitoa kwa ajili ya chakula cha kongamano.

Mchana wanaume tulikaa upande wetu, na bukari ikaja, nyeupe, inatoa moshi. Ricky aliletewa sahani. Akaitazama. Akanitazama.

"Shemeki, ni ule unga?"

"Ni ule."

"Niliuomba pardon jana muzima. Sasa niukule?"

Ng'ambo ya uwanja, katikati ya wamama, Mama Eugénie alikuwa anatuangalia. Mukwe na mama mukwe hawaonani wakila. Akainua kiti chake, akakigeuza, akakaa akiwa ametupa mgongo, ule mgongo mpana wote, na wamama wengine, bila kuulizwa, wakageuza viti vyao pia.

Ricky akanawa mikono. Akamega tonge dogo, akalichovya kwenye samaki, akalimeza kama dawa. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Baada ya kitambo alinisukuma kwa kiwiko.

"Shemeki," alinong'ona, "umuombe mama aongeze."